Mwanangu, sebene si ya baa peke yake

Mwanga, Kigoma

Mwanangu,

Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unauliza kama ni vibaya kwaya yenu huko Dar kupiga sebene, yale magitaa ya Kikongo ya kuchezesha watu, maana mzee mmoja wa kanisa amesema mnaingiza mambo ya baa madhabahuni.

Mimi nilipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi kabla hujazaliwa, na Jumapili nikaimba sauti ya tatu. Mzee wenu anadhani baa ndiyo imeingia kanisani. Kanisa lilitangulia kuingia baa.

Sisi vijana wa bendi kupanga sauti tulifundishwa na mwalimu wa kwaya, Alhamisi usiku, karabai ikivuma. Aligonga uma wa sauti gotini, akauweka sikioni, kisha akagawa sauti, kila kundi na yake. Ubaoni zilikuwapo d, m, s kwa chaki, yaani do, mi, so. Noti za mistari hakuna aliyezijua. Tulipokwenda kupiga dansi, kiitikio kikawa kilekile cha Alhamisi. Watu walicheza, wakasema hao vijana wameiga Wakongo! Wakongo tuliwaiga kwenye magitaa, sikatai, redio ya ng'ambo ya ziwa tulikuwa tukiikesha.

Marekani nako ni hivyohivyo. Thomas Dorsey, anayeitwa baba wa muziki wa injili, alianza kama mpiga piano wa blues, muziki wa baa wa Wamarekani weusi. Mwaka 1932 mkewe alifariki kwa uzazi, mtoto naye akafuata, na katika msiba huo akatunga wimbo ambao makanisa yanauimba hadi leo. Lakini mwanzoni makanisa mengi yalimkataa, yakisikia blues ndani ya injili yake. Mwaka 1954 mwimbaji Ray Charles akafanya kinyume: mahadhi ya injili, maneno ya kumsifu mwanamke. Wahubiri wakawaka.

Na wimbo wetu wa taifa? Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Afrika Kusini, aliutunga mwaka 1897 kama wimbo wa dini. Mzee wenu huusimamia wima bila kuuliza umetoka wapi.

Ila kuna jambo moja nakubaliana naye, hata kama hakulisema: kwenye ile rekodi uliyonitumia sikusikia ubeti wa pili. Mpiga solo wenu ashushe sauti hadi kiitikio kiishe, ndipo achanganye.

Mama yako amekufungia migebuka mikavu. Ipokee stendi Jumamosi, usichelewe kama mara ile.

Baba yako