Kabla ya Kumshitaki Ndugu Aliyeuza Kihamba, Mwite Mnunuzi

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba kaka yake ameuza sehemu ya kihamba cha marehemu baba yao, yaani shamba la urithi la ukoo kwetu Wachagga, naye yuko tayari kumshitaki. Nimemsihi asubiri kidogo, kwa sababu mwaka jana ukoo wetu, huko Marangu, Kilimanjaro, ulimaliza shauri la aina hiyo bila wakili.

Baba mdogo alikuwa amemuuzia mtu wa nje kipande cha chini, penye migomba na mibuni ya babu, pasipo kumwarifu yeyote. Wengi walitaka wazee waketi wamkaripie muuzaji, basi. Mimi nilishikilia kwamba mnunuzi naye aitwe, pamoja na majirani wa mipaka yote, na kwa hilo nilibezwa hadharani. Shangazi alidiriki kusema nimehongwa. Lakini ukoo hauna mamlaka juu ya mtu wa nje, na uamuzi uliotolewa yeye hayupo haumfungi kwa lolote.

Mnunuzi alikuja na karatasi ya mauziano, tukaona kwamba mashahidi wote ni wa upande wake, na kwamba yeye mwenyewe alihakikishiwa kuwa ndugu wote wameridhia. Wazee wakamtembeza mpakani, wakimwonyesha masale, mimea ya kuweka mipaka, shina kwa shina, hadi sauti zikapungua. Ikakubaliwa arudishiwe fedha zake kwa awamu pamoja na gharama ya mahindi aliyokwisha kupanda. Baba mdogo alileta mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la isale ambalo kwetu ni ishara ya kuomba msamaha, akaomba radhi kwa ukoo. Mimi sijaombwa radhi na mtu hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwiteni mnunuzi. Wanawake nao waketi na wasikilizwe. Hata Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, kisheria lazima liwe na wanawake wasiopungua watatu. Makubaliano yaandikwe, kila upande utie saini, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji, kwani neno la mdomo hugeuzwa mbege ikiisha. Mkishindwana, nendeni Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 husuluhisha tu bila kutoa hukumu. Nalo likishindwa ndani ya siku 30, mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uko wazi. Narudia: mwiteni mnunuzi.

Msomaji wangu ameuliza pia afanye nini iwapo migomba itaanza kufyekwa kabla ya kikao. Hapo asiwasubiri wazee, kwa maana amri ya zuio hutolewa na chombo cha sheria, wala si na ukoo.