Mutebile alikuwa Hazina, si Benki Kuu, Uganda iliposamehewa madeni

Wengi hudhani kwamba Uganda ilipata msamaha wa madeni wa 1998 Emmanuel Tumusiime-Mutebile akiwa Gavana wa Benki Kuu ya nchi hiyo. La, sivyo. Wakati huo alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha na Katibu wa Hazina, wadhifa alioushika tangu 1992. Ugavana aliupata 2001, akadumu nao hadi alipofariki Nairobi mwezi Januari 2022. Tarehe zenyewe zinatosha kuthibitisha, kwani Uganda ilikamilisha masharti ya mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia kwa nchi maskini zenye madeni makubwa Aprili 1998, ikiwa ya kwanza duniani, na fedha zilizookolewa zikatengewa fungu maalumu ndani ya bajeti kwa ajili ya shule za msingi, maji, afya na barabara za vijijini. Nadhani kinachowachanganya wengi ni saini yake kwenye noti za shilingi, ambayo watu waliishika mkononi kwa takriban miaka 20, ilhali kazi ya Hazina haiachi alama ya namna hiyo.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba msamaha ule ulikuwa wake peke yake, kwa kuwa ulihitaji pia mawaziri na wakopeshaji. Kazi iliyo yake hasa kama gavana ni ya 2011, mfumuko wa bei ulipofika asilimia 30 na Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 23.