Nunua tiketi ya kusimama, achana na viti

Kama upo London au unakuja kutembea, na kuna mtu kakwambia twende kwenye ile michezo ya kuigiza ambayo watazamaji mnaingizwa ndani ya hadithi, ushauri wangu wa kwanza na ndo mkubwa ni huu: kama miguu yako ni mizima, nunua tiketi ya kusimama. Najua utasema nimepiga shifti wiki nzima, nimelipa hela yangu, halafu nisimame? Ndio, simama. Ukiwa kitini unaangalia watu wengine wakiwa kwenye mchezo, na utawaonea wivu usiku mzima.

Mimi nasema hivyo kwa sababu ya Julius Caesar ya Shakespeare, ile ya mtawala wa Roma anayeuawa na wenzake, waliyoicheza 2018 pale Bridge Theatre, lile jumba la kando ya mto Thames karibu kabisa na Tower Bridge, Nicholas Hytner na Nick Starr walilifungua Oktoba 2017. Nilienda na wifi yangu, alikuwa amekuja likizo kutoka Dar. Wifi ile hadithi alikuwa anaijua vizuri kunizidi maana kwao baba yake alikuwa na kile kitabu alichotafsiri Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari, basi njiani kwenye treni akanisimulia yote, nani anamuua nani na kwa nini. Na hilo nawe lifanye, usione aibu kujua mwisho kabla hujaingia. Kiingereza cha Shakespeare ni kigumu hata kwa wenyewe, halafu umesimama, unageuka huku na huku, mtu mbele yako ana kichwa kikubwa, maneno mengi yatakupita tu. Ukiwa unaijua hadithi huna presha, unaangalia nyuso za watu.

Sasa ukiingia ukumbini hukuti steji. Unakuta bendi inapiga roki, watu wanauza bia na kofia, yaani unaweza kudhani umepotea njia ukaingia kwenye mkutano wa kampeni, na ndivyo walivyotaka, sababu Kaizari wao alikuwa mwanasiasa wa siku hizi mwenye kofia nyekundu, nguo zote za kisasa, na wauaji wana bastola, habari ya majambia hakuna. Mchezo ukianza vipande vya sakafu vinapanda juu vinakuwa jukwaa, hapa mara pale, na wahudumu wanapita kati ya watu wanawasogeza, sogea, sogea, kitu kinainuka hapo. Wasikilize hao, usianze kubishana nao kwamba umewahi nafasi. Nafasi yako haipo. Sehemu unayoona nzuri sasa hivi, baada ya dakika kumi ndo ya mwisho, alafu inageuka ya kwanza tena. Mimi ni mfupi na niliona kila kitu kwa kuwa waigizaji wako juu, tatizo ni ukijibana kabisa ukutani au ukigandana na ukingo wa jukwaa, hapo unaona viatu vya watu tu. Kaa kati kati na uwe mwepesi.

Lakini kilichonifanya niandike hapa ni zile hotuba mbili za mazishi. Kaizari kashauawa, anapanda Brutus, mmoja wa wauaji, alikuwa Ben Whishaw, msomi msomi hivi, anaeleza kwa upole kwa nini ilibidi tumuue. Watu makofi. Mimi makofi, wifi makofi, tumeelewa kabisa. Halafu anakuja Mark Antony, rafiki wa Kaizari, huyu alicheza David Morrissey, ana maiti ya Kaizari, anaanza taratibu eti mimi sijaja kumsifu, Brutus ni mtu wa heshima, anarudia rudia hiyo heshima mpaka inaanza kunuka, anataja wosia wa Kaizari, anautoa, hausomi, anasubiri muombe. Na ujue kuna waigizaji wamejichanganya na nyie mlionunua tiketi, wao ndo wanaanza kelele, jirani yako anadakia, na wewe unajikuta unadakia. Nilikuwa nashangilia kweli wifi akanivuta mkono akaninong'oneza, "Wifi, si sisi hawa hawa tulikuwa tunampigia makofi yule mwenzake sasa hivi?"

Nikanyamaza. Maana baada ya hapo kundi linamkamata Cinna, mshairi wa watu hana hatia, kosa lake jina lake limefanana na la muuaji mmojawapo, na kundi hilo mimi nilikuwa nimesimama ndani yake. Watu wa kwenye viti kule juu waliona raia wajinga wanadanganywa. Uzuri wa tiketi ya chini ni kwamba huwezi kuwacheka, mjinga ni wewe.

Mambo madogo madogo ila yatakuokoa. Ile ilikuwa kama masaa mawili bila mapumziko, kwa hiyo choo nenda kabla na bia punguza. Begi kubwa liache kwa wanaotunza mizigo. Viatu flati. Wifi alikuja na visigino virefu kwa kuwa alisikia "theatre" akajua ni harusi, bahati yake mwanamke wa Dar hakosi ndala kwenye pochi. Simu zima, picha hawataki. Na kwa sisi tuliokulia kwenye taarab, ambako unatoka kitini unaenda kumtuza mwimbaji wimbo unaendelea, hapa jizuie, shangilia utakavyo lakini muigizaji usimguse.

Kama unampeleka mtu ambaye habari za wafalme na vita zinamchosha, mtafutie ya muziki. Pale pale Bridge walicheza Guys & Dolls kuanzia 2023 mpaka Januari 2025 kwa mtindo huo huo, na waliokuwa wanawasogeza watu walivaa kama polisi wa New York, watu wanacheka tu. Ukikuta aina ile ya Sleep No More ya New York, hadithi ya Macbeth ya huyo huyo Shakespeare, imefungwa 2025 ila mfano wake upo sehemu nyingine, mnavaa barakoa nyeupe, hamuongei, mnazurura vyumba kwa vyumba. Shoga yangu alienda akarudi analalamika hajaelewa kitu, kumbe alikuwa anakimbilia kila kelele anayoisikia. Kwenye zile chagua muigizaji mmoja umfuate yeye tu, vingine vikupite.

Na mwenye magoti mabovu au anayeogopa msongamano asijilazimishe, aende London County Hall kwenye Witness for the Prosecution ya Agatha Christie, ipo tangu 2017, inachezwa kwenye ukumbi uliokuwa wa baraza la jiji na umegeuzwa mahakama. Unakaa kitini kama mtu mzima, na ukikata tiketi ya upande wa jurii, wale raia wanaoamua kesi, mnaulizwa kabisa ana hatia au hana. Viti hivyo ni vichache, kata mapema. Mama mkwe akija nampeleka huko, na wifi keshasema anakuja naye ila yeye anataka akae na jurii.