Buti la ngozi na suti, katika tope la Njombe

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mtumishi wa ofisi hapa Njombe na hulazimika kuvaa suti kila siku. Mvua zikianza, viatu vyangu vya kamba hujaa tope kabla sijaifikia lami, na asubuhi za Juni baridi hupenya hadi kwenye soksi. Nataka kununua mabuti ya ngozi, lakini mwenzangu ananiambia buti ni la mlinzi, halikai na suti. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako ana buti lingine kichwani. La mlinzi lina soli nene yenye meno na pua pana. La kuvalia suti lina soli nyembamba, pua iliyochongoka kidogo na ngozi laini isiyo na mapambo, na suruali ikishalifunika, mtu haoni ila kiatu safi. Wala si mtindo wa juzi: J. Sparkes-Hall, fundi wa London aliyemshonea Malkia Victoria viatu, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya buti lenye lastiki ubavuni katika karne ya 19, na buti la namna hiyo ndilo leo linaloitwa Chelsea. Ndilo ninalokushauri, kwa kuwa halina ulimi wala matundu ya kamba ya kupitisha tope, ingawa dimbwi linalofika kwenye lastiki ulikwepe.

Soli ya ngozi husifiwa sana, lakini kwenye utelezi wenu itakuangusha na kunyonya maji. Chagua ya mpira, nyembamba. Kabla hujalipa, likunje buti kwenye vidole uchungulie ukingo wa soli. Ukiona uzi umepita, soli imeshonwa, na ikiisha fundi ataweza kuweka nyingine. Ukiona gundi tupu, jihadhari, maana unyevu wa kila siku huifanya iachame. Rangi ya kahawia iliyokolea huficha tope na hupatana na suti ya kijivu au ya buluu.

Mabuti mengi mazuri huharibikia kando ya jiko la mkaa, kwa sababu ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa moto hukakamaa na kupasuka. Yafute kwa kitambaa chenye unyevu, yajaze magazeti, ubadilishe magazeti hayo yakilowa, kisha uyaache mabuti penye hewa hadi kesho yake. Dawa ya viatu ipakwe ngozi ikiwa imekauka kabisa. Na utakapokwenda kwa fundi cherehani, nenda umeyavaa, ili pindo la suruali lipimwe juu ya buti lenyewe.