Wasomaji Wanauliza: Maktaba, mama kijana na kitabu cha kwanza cha mtoto

Barua za safari hii zinahusu maktaba zinazojaribu kuwafikia wasichana waliojifungua wakiwa bado wadogo, na watoto wao ambao kusoma kwao bado ni kushika, kulamba na kusikiliza. Zinazogusana tumeziweka jirani.

Tulianzisha kipindi cha mama vijana katika maktaba yetu, kila Jumamosi saa 3 asubuhi. Siku ya kwanza walijaa mkeka. Haukupita mwezi, tukabaki na mmoja. Vitabu tunavyo, mikeka tunayo. Kasoro iko wapi?
*Mkutubi, Morogoro*

Kwanza iangalieni saa. Jumamosi asubuhi, msichana aliyejifungua akiwa kwao ndiye mfuaji, mchota maji na muuza genge. Nyumba nzima inamtegemea, na wiki ya pili tu ataulizwa anakwenda kufanya nini huko. Waulizeni wenyewe wanapata nafasi saa ngapi. Mara nyingi jibu huwa saa 9 alasiri, siku ya kazi, vyombo vya mchana vikishaoshwa.

Kisha jina. Bango lenye maneno "mama vijana" likiwekwa langoni linamtangaza mtu ambaye mtaa bado unamsengenya. Kiiteni Saa ya Watoto Wachanga, mfungulie mama yeyote mwenye mtoto wa chini ya miaka 3, halafu wasichana mnaowalenga muwaalike mmoja mmoja, kwa mdomo. Akikaa mkeka mmoja na mama wa miaka 30, hakuna atakayemnyooshea kidole.

Lakini vipindi vingi huuawa na hotuba. Mgeni analetwa kuzungumzia uzazi wa mpango, mwingine lishe, wa tatu maadili. Kila neno lina faida yake, ila msichana anasikia jambo moja tu: nimeitwa kusemwa. Hotuba ziondoeni kabisa kwa miezi mitatu ya mwanzo. Akiuliza mwenyewe, mwelekezeni panapohusika.

Dakika 35 hadi 40 zinatosha. Tano za kufika na kukaa, mtoto mapajani. Kumi za nyimbo za kuchezesha vidole na magoti, wimbo uleule ukirudiwa mara tatu, maana mama hawezi kwenda nao nyumbani kama ameusikia mara moja. Tano za kitabu kimoja, kifupi. Kumi nyingine kila mama na mtoto wake peke yao, mkutubi akipita na kuchuchumaa kwa kila mmoja. Zinazobaki ni za kuchagua kitabu cha kuondoka nacho. Mhudumu mmoja asipewe zaidi ya mama 10. Wakizidi, mwenye mtoto anayelia ndiye huondoka wa kwanza na harudi. Mkutubi asisome akiwa amesimama mbele kama yuko darasani, kwani mtoto wa miezi minane hana habari naye. Akae chini na mwanasesere mapajani, afanye polepole yale ambayo mama atayafanya na mwanawe.

Kituoni kwetu siku ya mizani akina mama hukaa benchi muda mrefu. Maktaba ikija, ianzie wapi bila kuvuruga kazi yetu?
*Muuguzi, Dodoma*

Mmetaja mahali bora kuliko maktaba yenyewe. Bookstart, mpango wa Uingereza wa kuwapa watoto wachanga vitabu, ulianza hivyohivyo mwaka 1992 mjini Birmingham: familia 300 zilipewa vitabu kupitia wahudumu wa afya, watoto wakiwa bado hawajatimiza mwaka. Msichana anaweza kuikwepa maktaba, lakini kliniki atakwenda.

Nafasi nzuri ni baada ya kupima uzito na kabla ya sindano. Baada ya sindano mtoto analia na mama anataka nyumbani. Mkutubi asisimame kuhutubia benchi zima. Apite kwa mama wawili au watatu kwa wakati mmoja, dakika nne au tano, kisha asogee.

Ratiba ya chanjo iwe ndiyo ratiba yenu, kwa sababu inaendana na umri. Wiki ya 6, mwonyesheni mama kwamba mtoto anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, yaani umbali wa uso wa anayemnyonyesha. Mpeni kadi mbili zenye maumbo makubwa meusi juu ya karatasi nyeupe. Wiki ya 10 ulizeni tu kama kadi zinatumika. Wiki ya 14 fundisheni kupokezana: mama anasema neno, ananyamaza, anamsubiri mtoto atoe sauti au ateke mguu, kisha anamjibu. Kunyamaza ndiko kugumu. Mwambieni ahesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Mtoto wa miezi 9, anayeletwa kwa chanjo ya surua na rubela, tayari anakaa na kushika, kwa hiyo hapo ndipo mahali pa kitabu cha kwanza, cha kitambaa au kadibodi ngumu. Miezi 18, mnaporudia surua na rubela, apewe kitabu cha vitu vya nyumbani, na mama afundishwe kuuliza "Kiko wapi kikombe?" kabla ya kuuliza "Hiki nini?" Mtoto huonyesha kwa kidole mapema kuliko anavyotamka, na ukianza na swali la pili utamwona bubu.

Kitabu kinachotolewa kliniki kiwe zawadi. Mkianza kuazimisha hapo, aliyekipoteza ataogopa kurudi, na mtakuwa mmemkosesha chanjo kwa sababu ya kitabu. Vitabu vya kushikwa na wote benchini vifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kila baada ya siku ya mizani, na cha karatasi kilicholowa mate kisirudishwe sandukuni kabla hakijakauka.

Fomu yetu ya uanachama inataka kitambulisho, mdhamini na barua ya serikali ya mtaa. Msichana wa miaka 16 hana hata kimoja. Tumsajili vipi?
*Msaidizi wa maktaba, Tabora*

Kitambulisho cha taifa Tanzania hutolewa kuanzia miaka 18, kwa hiyo hapo mnadai kisichowezekana. Barua ya mtaa inamrudisha ofisini kujieleza mbele ya watu wanaomjua. Njia iliyo rahisi ni kadi ya kikundi. Mdhamini anakuwa mmoja: kituo cha afya, kanisa, msikiti, kikundi cha kina mama, au mwalimu wa elimu ya watu wazima. Maktaba inakabidhi sanduku la vitabu 30 kwa kila mama 15, yaani viwili kwa kila mmoja, kwa wiki nne. Daftari moja la safu nne linatosha: namba ya kitabu, jina analotumia mama, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha.

Msisahau vyuo vya maendeleo ya wananchi. Viko 54 nchini, na vile vilivyopokea wasichana walioacha shule kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho vina sehemu ya kulelea watoto wakati mama wako darasani. Sanduku likiwekwa hapo, mama na mtoto mnawapata mahali pamoja.

Nina miaka 17, nimerudi kidato cha pili. Mwanangu ana miezi 11, anashinda na bibi yake. Nikifika ni maji, kupika, kazi za shule. Nikimpa kitabu anakila. Nimsomee saa ngapi?
*Msomaji, Iringa*

Mdogo wetu, hongera kwa kurudi. Tangazo la serikali la Novemba 2021 lililofungua milango ya shule kwa waliojifungua halikusema kazi za nyumbani zitapungua, na hazijapungua.

Usitafute saa ya kusoma. Tafuta dakika tano mara mbili ndani ya kazi unazozifanya tayari. Unapomwogesha, taja kila kiungo unachokiosha. Unapochambua mchicha, mpe jani, sema lilivyo: baridi, kijani, limelowa. Mtoto wa umri huu huchukua maneno kutoka kwa mtu anayemtazama na kumjibu. Redio ikizungumza kutwa nzima haifanyi kazi hiyo. Kitabu kiwe cha usiku kabla ya kulala, kurasa tatu tu zikitosha. Akitaka kurudia ukurasa wa mbwa mara kumi, rudia.

Kukila ndiko kukisoma kwake kwa sasa, kwa kuwa mdomo ndio anaoutumia kujua kitu kikoje. Mpe cha kitambaa akitafune. Cha karatasi kishike wewe, na mkononi mwake mpe kijiko cha mbao. Kitu ambacho usimpe kabisa ni daftari lililobanwa kwa pini za stepla: pini hung'oka na kuingia mdomoni.

Tena, unaposoma masomo yako, soma ukurasa mmoja wa historia au baiolojia kwa sauti, yeye akiwa mapajani. Hataelewa, lakini anasikia lugha ndefu yenye mpangilio, nawe unajikumbusha somo.

Mimi ndiye ninayeshinda na mjukuu, mama yake akiwa shule. Sikusoma. Maktaba wamenipa vitabu, navitazama tu.
*Bibi, Tanga*

Shikamoo, Bibi. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, herufi hazina kazi kubwa. Fungua ukurasa, onyesha picha, itaje, subiri. Akitoa sauti yoyote, mjibu kama amesema la maana. Ukiona kuku kwenye picha, mpeleke uani akamwone kuku mwenyewe, mrudi kwenye picha. Kitabu kikikuchosha, kifunge, mwambie "Paukwa", na umwimbie zile ulizoimbiwa wewe. Nyimbo zina vina, na sikio lililozoea vina hupata wepesi wa kutenganisha silabi atakapoanza ba be bi bo bu.

Nyinyi wakutubi mnaosoma hapa: katika kila sanduku wekeni angalau theluthi moja ya vitabu visivyo na maneno, au vyenye neno moja kwa ukurasa. Bibi akipewa kitabu cha aya tatu kila ukurasa, hukirudisha kikiwa safi kama kilivyotoka.

Nyumbani tunasema Kisukuma. Mtoto aanze na Kiswahili ili asichelewe shuleni?
*Mama wa watoto wawili, Shinyanga*

Sema naye lugha inayokutoka bila kufikiri, kwa kuwa ndiyo uliyo na maneno mengi ndani yake, ya kubembeleza, kuonya na kutania. Mama anayejilazimisha lugha asiyoimudu huishia amri fupifupi: njoo, kaa, acha. Kitabu cha Kiswahili chenye picha kinasomeka kwa Kisukuma vizuri tu. Kiswahili atakipata kwa wenzake na shuleni.

Mkiwa na mashine ya kuchapishia, tovuti ya African Storybook ya Afrika Kusini inatoa hadithi za watoto bure, zenye leseni huria (unaruhusiwa kuzinakili), kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Chagueni za ngazi ya 1, yaani rahisi kuliko zote, mchapishe upande mmoja wa karatasi, mgundishe kurasa mbilimbili mgongo kwa mgongo ili zikakamae.

Tunataka kushona vitabu vya kitambaa na kikundi chetu. Tulishavijaribu, picha zikatokeza nyuzi upande wa pili na kurasa zikachanganyika.
*Kikundi cha ushonaji, Mwanza*

Mlishona picha baada ya kuunganisha. Picha hutangulia.

Kitabu cha kurasa 8 kinahitaji nusu mita ya marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, yenye upana wa sentimita 90. Ifueni kwanza, pamoja na vipande vya kitenge mtakavyotumia. Kitenge kipya huchuja rangi, na marekani hunywea. Kateni vipande vinne, kila kimoja sentimita 42 kwa 22, ambapo sentimita moja kila upande ni ya mshono. Kunjeni kila kipande katikati mpate alama ya mgongo: kushoto ukurasa mmoja, kulia mwingine.

Sasa mpangilio, ambao ndio uliowachanganya. Kipande A: kushoto ukurasa wa 8, kulia wa 1. Kipande B: 2 na 7. Kipande C: 6 na 3. Kipande D: 4 na 5. Andikeni namba kwa chaki kabla ya kushika sindano. Shoneni picha moja kila ukurasa, kubwa, ya kitu ambacho mtoto anakiona kila siku: kikombe, kandambili, embe, samaki. Macho ya samaki yatariziwe kwa uzi. Msitumie kifungo wala shanga, vitang'oka na kumkaba.

Baada ya hapo A na B viwekwe picha zikitazamana, sehemu ya juu ya kimoja ikilingana na ya kingine, na ukurasa wa 1 ukiwa juu ya wa 2. Mshone pande zote mkiacha mwanya wa sentimita 8, mgeuze, mzibe. Fanyeni vivyo hivyo kwa C na D, ukurasa wa 3 juu ya wa 4. Pasini jozi zote mbili. Laza ya A na B, ukurasa wa 2 na wa 7 ukitazama juu; juu yake weka ya C na D, wa 4 na wa 5 ukitazama juu. Shoneni mstari wa katikati mara mbili. Msiweke kamba ya kuning'inizia.

Baba wa mtoto ana miaka 19, ni bodaboda. Haji maktaba.
*Mkutubi, Moshi*

Pelekeni kitabu kijiweni. Mpeni kimoja kidogo kinachoingia mfukoni, na kazi moja mahususi: picha mbili kila jioni kabla hajaenda kuegesha pikipiki. "Njoo ujifunze malezi" haimleti mtu.

Vitabu vinapotea. Tuwatoze faini?
*Mkutubi, Morogoro, tena*

Hapana. Mtoza faini hupoteza kitabu na msomaji kwa pamoja. Agizeni nakala za ziada tangu mwanzo, na kitabu kilichochanika kipokeeni kwa shukrani: wekeni gundi na utepe mpana wa plastiki mezani, mama akikarabati mwenyewe kabla ya kuchukua kingine. Kisichorudi kabisa, ulizieni mara moja kupitia mdhamini, kisha kifuteni daftarini. Msimu wa masika sanduku likae juu ya miguu ya tofali, mbali na ukuta, maana mchwa hula vingi kuliko watoto.