Usimwage Kache ya Seva: Nilivyoigandisha Mashine ya Watu Moshi Nikidhani Naitibu

Kwa miezi miwili nililipwa kuharibu seva ya watu. Mimi sikujua, na waliokuwa wakinilipa ndio kabisa.

Ni duka la jumla la pembejeo na dawa za mifugo hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Seva yao ni kompyuta moja yenye RAM ya GB 16 na diski ya sahani, ile inayozunguka. Ndani kuna Debian, ambayo ni aina ya Linux, na PostgreSQL, programu ya hifadhidata, na yenyewe imekaa chini ya meza ya mhasibu, vumbi la pumba limeizunguka. Mwenye duka alinipigia: "Fundi, mtambo umekuwa mzito." Nikaenda, nikaandika `free -h`, amri inayoonyesha RAM ilivyotumika, nikaona safu ya free ina MB 190 tu. GB 16 zimekwenda wapi? Nikatafuta amri ya "kusafisha RAM", nikaipata haraka, nikaipachika kwenye cron, ratiba inayoendesha amri zenyewe, iende kila saa ikitimia:

`sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`

Free ikaruka hadi GB 12. Mwenye duka akaiona namba, akafurahi, akanilipa na soda juu.

Aliyenifumbua macho ni mama mhasibu. Nilipita siku moja kubadilisha wino wa printa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu niambie, hii mashine yako inasikiliza redio?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kila redio inapotoa habari za saa, mashine inasinzia. Na ile taarifa ndefu ya saa 7 mchana ikianza, inalala fofofo. "Siku hizi nikisikia tu ule mlio naacha ankara, naenda kula."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma safu isiyo yake. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, haipendi RAM ikae bure, hivyo kila faili inayosomwa kutoka diskini huachwa kwenye RAM, ikihitajika tena ipatikane papo hapo. Hiyo ndiyo kache, safu ya buff/cache. Ni kama mama muuza ndizi anayetandaza mafungu yake kwenye meza ya jirani ambaye hajafika. Jirani akija, anakusanya bila ugomvi. Kwa hiyo acha kutazama free, tazama available. Namba hiyo imo kwenye `/proc/meminfo` tangu kerneli 3.14 ya mwaka 2014, kwa jina la MemAvailable, na ndiyo inayokadiria RAM ambayo programu zinaweza kupewa bila kukimbilia swapu, sehemu ya diski inayoazimwa RAM ikiisha. Siku ile ya kwanza available ilikuwa GB 12 na ushee. Mgonjwa hakuwa na homa, nami nikamchoma sindano.

Sindano yenyewe ilikuwa na madhara. RAM hujibu kwa nanosekunde mia hivi, lakini diski ya sahani huchukua milisekunde 8 hadi 10 kutafuta kitu kilipo. Hiyo ni tofauti ya karibu mara laki moja. Kila saa nilikuwa naitupa nje ya RAM kache ya mafaili ya hifadhidata yao, kisha wauzaji watatu wanaanza kuisoma upya kutoka diskini, kipande kwa kipande. Huko ndiko kusinzia kwa kila saa.

Ila hilo halikueleza saa 7. Nikafungua `dmesg -T`, ujumbe wa kerneli, nikakuta mstari unaojirudia karibu kila siku muda uleule: task sync, blocked for more than 120 seconds. Yaani amri yangu mwenyewe ya sync, inayolazimisha kila kilichoandikwa kifike diskini, ilikuwa imekwama zaidi ya dakika mbili. Ilikuwa inasubiri nini?

Ikumbukwe kwamba kache haihusu kusoma tu. Programu ikiandika faili, maandishi hukaa kwanza kwenye RAM, na kurasa hizo huitwa chafu mpaka zifike diskini. Kwa kawaida kerneli huanza kuzimwaga taratibu zikifika asilimia 10 ya RAM inayopatikana (`vm.dirty_background_ratio`), na zikifika asilimia 20 (`vm.dirty_ratio`) huwabana wanaoandika mpaka diski ipumue. Sasa piga hesabu. Asilimia 20 ya zile GB 12 na ushee ni kama GB 2.5. Saa 6:50 mchana, wakati watu wanajiandaa kula, skripti ya nakala rudufu ilikuwa inaanza kumwaga faili kwenye diski ya nje ya USB, na diski ile nilipoipima iliandika MB 20 kwa sekunde. MB 2,500 gawanya kwa 20 ni sekunde 125. Saa 7 kamili cron yangu inaita sync, sync inasubiri kila kitu kifike kwenye kile kidiski, na hifadhidata nayo ikitaka kuandika inajikuta kwenye foleni hiyohiyo.

Nilifanya mambo mawili. Nilifuta mstari wangu wa cron, kimyakimya nakiri. Kisha nikaandika kwenye faili ya mipangilio ya kerneli, `/etc/sysctl.d/90-kache.conf`:

`vm.dirty_background_bytes = 67108864`
`vm.dirty_bytes = 268435456`

Hizo ni MB 64 na MB 256. Ukiweka za baiti, zile za asilimia zinajizima zenyewe. Halafu `sysctl --system`, bila kuzima mashine. Usinakili namba zangu kama dawa ya duka: seva yenye diski ya SSD na bila USB ya kuivuta nyuma inaweza kuachwa ilivyo.

Kuna nyakati RAM kweli imekwisha. Dalili zake ni available kukaribia sifuri, safu za si na so za `vmstat 1` (data inayoingia na kutoka swapu) kuchezacheza bila kutulia, na `dmesg` kusema Out of memory. Hapo kumwaga kache hakusaidii. Tafuta programu inayokula, au ongeza RAM. Kama anayekula ni kerneli yenyewe, `slabtop` itakuonyesha. Nimewahi kukuta dentry, kumbukumbu za kerneli za majina ya faili, zimejaa kwa sababu ya folda moja yenye mamilioni ya vifaili vya muda.

Mstari wa kuogopa hasa ni huu: lost async page write. Maana yake kurasa chafu zilijaribu kufika diskini zikashindwa, na data hiyo imepotea. Usicheze na sysctl hapo, kagua waya, kagua diski kwa `smartctl`, na nakala zako zijaribu kuzirejesha leo. Watu wa PostgreSQL waliligundua vizuri mwaka 2018: fsync, wito wa kuhakikisha faili imefika diskini, ikishindwa mara moja, ukiirudia inaweza kusema sawa ilhali data haipo. Tangu matoleo ya Februari 2019, hifadhidata hiyo hujizima kwa makusudi na kujirejesha kutoka kwenye logi yake.

Na umeme wetu mnaujua. Ukurasa mchafu unaweza kukaa kwenye RAM sekunde 30 kabla kerneli haijaona umezeeka, hivyo faili uliyoinakili sasa hivi huenda haijafika popote. Nunua UPS kabla ya kununua RAM. Na ukikuta mtu ameandika fsync = off ili mfumo "uwe mwepesi", mrudishie on kabla hujanywa chai.

Siku ya pili yake nilikaa kwenye kigoda nyuma ya mama, nimefungua `watch -n1 'grep -E "Dirty|Writeback:" /proc/meminfo'`. Saa 6:50 Dirty ikapanda, ikagota karibu na MB 250, ikabaki hapo ikipanda na kushuka. Redio ikatoa mlio wake. Mama akainua mikono kutoka kwenye kibodi kwa mazoea, akatazama kioo, akaandika jina la mteja. Likatokea.

"Sasa chakula nitakula saa ngapi?" akauliza.