Bodi ya makaa usiijaze kifusi: hesabu tani, usihesabu ujazo

Mkuu, usilipe hata kianzio. Unasema umepata Caterpillar 777D ya mtumba, dampa la mgodini, yenye bodi (sanduku la mzigo) ya makaa ya mawe ya mita za ujazo 100, unataka ibebe makaa mchana na kifusi, yaani mwamba na udongo wa kutupwa, usiku. Umeuliza pia bei ya haki, oili ipi, na waendeshaji wangapi kwa zamu. Hayo baadaye. Hicho kifusi cha usiku ndicho kitakachokumaliza.

Makaa yaliyovunjwa yana kama tani 0.85 kwa mita ya ujazo. Mita 100 ni tani 85, na dampa hilo ni la tani 90 hivi. Hapo sawa. Kifusi cha mwamba wa mchanga ni kama tani 1.6, kikinyeshewa kinazidi. Jaza bodi ileile, umepakia tani 160! Hata ukiishia mita 70 ni tani 112. Kanuni ya Caterpillar wenyewe: wastani usizidi mzigo uliopangwa, safari zinazovuka asilimia 110 zisizidi moja katika kumi, na asilimia 120 isivukwe hata mara moja. Kwa tani 90, mwisho ni 108. Umeshavuka.

Tairi ndizo zinazoanza kufa. Ziko sita, 27.00R49, na theluthi mbili za uzito zinabebwa na nne za nyuma. Kwa mzigo halali, mashine na mzigo tani 163, kila tairi ya nyuma inabeba tani 27. Kwa tani 112 za kifusi inakaribia 31. Raba inajikunja, joto linajaa ndani kusikoonekana, nyuzi za chuma zinaachana na raba. Tairi si kipara, lakini imekwisha. Halafu fundi anaona presha imepanda, anatoa upepo. Marufuku! Presha inapimwa tairi ikiwa baridi. Ukiutoa ikiwa ya moto, ikipoa itakuwa na upepo pungufu, itajikunja na kuungua zaidi.

Madalali wa "bodi ikijaa ndiyo tani 90" wananitia hasira mpaka leo. Nasi tuliambiwa hivyohivyo, na aliyesema alijua bodi ni ya makaa.

Hesabu baketi. Eskaveta yako ya baketi la mita za ujazo 6.7, likijaa kwa asilimia 90, inachota tani 9.6 za kifusi. Baketi tisa, basi. Bodi itaonekana nusu tupu na msimamizi atapiga kelele "ongeza". Usiongeze. Mwaga katikati, mzigo usiegemee mkiani.

Usiamini kipimo cha mzigo cha kwenye mashine kabla ya kukagua shokapu, maana kinasoma presha yake. Naitrojeni iliyo ndani ya shokapu ikivuja, kipimo kinadanganya. Kodi mizani za kuweka chini ya magurudumu, pima safari kadhaa za kifusi kikavu na kadhaa za kibichi, kisha andika idadi ya baketi kwa rangi ndani ya kibanda cha eskaveta. Tope likiganda sakafuni mwa bodi, punguza baketi moja mpaka likwanguliwe.